Manjano ya jani: kutafuta chanzo kwenye mashamba ya Malindi na Lamu

Kabla hujanunua gunia la mbolea, inama shambani. Chagua mmea ulioanza kuugua lakini haujakauka, uutazame kuanzia jani la chini kabisa hadi kichomozo cha juu. Ugonjwa umeanzia chini au umeanzia juu? Jibu lake peke yake huondoa nusu ya mashaka, na halina gharama.

Nalisisitiza hili kwa sababu huku pwani tumezoea dawa moja kwa kila manjano: ongeza mbolea. Ikishindikana, jirani aliyewahi kulima bara anashauri chokaa. Ushauri wa chokaa umetoka nyanda za juu na Magharibi mwa Kenya, ambako mashamba mengi yana asidi kali na chokaa ni tiba ya kweli. Ukiuleta Gede au Watamu, kwenye shamba lililolala juu ya matumbawe, unamwaga chokaa juu ya chokaa. Inauma kumwona mtu ameuza mbuzi wake wawili kununua kitu ambacho udongo wake tayari unacho kupita kiasi.

Umesimama juu ya udongo gani?

Malindi peke yake ina ardhi za aina kadhaa zisizotibiwa kwa njia moja. Ukanda wa kando ya bahari, kama Watamu na Gede, una udongo mfupi juu ya mwamba wa matumbawe. Ukiingia ndani kidogo unakutana na udongo wa kichanga, mweupe mahali pengine na mwekundu ule wa Magarini mahali pengine. Bonde la Sabaki lina tope linaloletwa na mto kutoka bara, tope lile lile linaloigeuza bahari ya Malindi kuwa ya kahawia wakati wa mvua. Kandokando ya vijito vya bahari na mikoko, kama upande wa Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, ardhi imekolea chumvi yenyewe. Lamu nako ni vivyo hivyo: Manda na Pate kuna mwamba wa matumbawe na mchanga, na huku bara, Hindi na Mpeketoni, mchanga unapakana na mabonde ya udongo mweusi unaotuamisha maji.

Majaribio mawili ya nyumbani yatakuambia uko wapi.

La kwanza ni la siki. Weka kiganja cha udongo mkavu kwenye kisahani, mwagia siki ya jikoni, kisha sogeza sikio. Udongo wenye chokaa ya matumbawe hutoa vipovu na sauti ya kuchemka. Ukiusikia, ujue pH (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni katikati) imepita 7 na huenda inakaribia 8. Ukinyamaza, usiridhike bado. Chimba futi mbili ujaribu tena na udongo wa chini, maana mara nyingi wa juu hunyamaza na wa chini ukachemka, na huko chini ndiko mizizi ya mwembe wako itakakofika baada ya miaka mitatu.

La pili ni la chupa. Jaza udongo theluthi moja ya chupa inayoona ndani, ongeza maji na chembe ya sabuni ya unga, funika, tikisa kwa nguvu, kisha iweke mahali isipoguswa. Mchanga hutua ndani ya dakika moja. Tope laini huchukua saa kadhaa. Udongo wa mfinyanzi huweza kukaa siku nzima ukielea. Kama karibu udongo wote umetua ukiwa bado umesimama hapo, shamba lako halina cha kushikia mbolea. Madini hushikwa na chembe za mfinyanzi na mboji, na punje za mchanga zinayaacha yapite na maji.

Basi tuna hali mbili zinazofanana usoni lakini chanzo chake ni kinyume. Mchanga unavuja: unachotia kinashuka chini ya mizizi. Matumbawe yanafunga: madini yamo ndani, ila mmea hauwezi kuyachukua. Mtu akinipigia simu kuniambia mahindi yake ni manjano, hilo ndilo ninalotaka kulijua kwanza.

Jani lipi limetangulia?

Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama ndani ya mmea. Zikipungua, mmea huzitoa kwenye majani yaliyozeeka na kuyapelekea machanga. Kwa hiyo jani la chini ndilo huumia kwanza. Chuma, zinki, manganizi, boroni na kalsiamu hazihami, au zinahama kwa shida. Zikikosekana, jani la zamani hubaki na kijani chake na kinachochomoza ndicho hutoka kimepauka, kidogo, au kimepinda.

Kabla ya kuulaumu udongo, ng'oa mmea mmoja pamoja na mizizi. Kwenye nyanya, bamia na bilinganya za mchangani, mara nyingi manjano hutokana na minyoo ya mizizi. Utaona mizizi imevimba vifundo ambavyo havitoki ukivikwangua kwa ukucha, kwa sababu uvimbe ni mzizi wenyewe. Vifundo vya kunde ni tofauti: vimeshika ubavuni na huchomoka kwa urahisi, navyo ni vya heri. Kipasue kimoja. Ndani kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu, kinatengeneza naitrojeni. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakifanyi kazi, ama bado, ama tena.

Kwenye mahindi, angalia pia gugu la striga, lile dogo lenye maua mekundu. Linanyonya mzizi wa mhindi kabla hata halijatokeza juu, na mmea huonekana una njaa na kiu hata mvua ikiwa nzuri. Linapenda sana mashamba yaliyochoka, kwa hiyo ukiliona, una matatizo mawili kwa pamoja.

Mahindi manjano kuanzia chini

Tazama umbo la manjano. Yakianzia ncha ya jani na kuingia ndani kwa kufuata uti wa katikati, kingo zikibaki kijani kwa muda, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Yakifuata kingo, halafu kingo zikakauka na kuwa kahawia huku katikati kukiwa kijani, fikiria potasiamu, au chumvi, ambayo nitaieleza mbele. Yakiwa mistari mistari ya manjano kati ya mishipa kwenye majani ya chini, ni magnesiamu. Rangi ya zambarau kwenye majani ya miche ni dalili ya fosforasi, ingawa kuna mbegu ambazo kwa asili yake huwa na zambarau kidogo zikiwa changa na baadaye ikaisha yenyewe.

Naitrojeni ndiyo inayosumbua mashamba mengi ya mchanga, na aghalabu kosa haliko kwenye kiasi kilichotiwa. Mama mmoja wa Hindi aliniambia, "Mwanangu, mbolea nimetia yote, gunia zima, na mahindi ndiyo haya unayaona." Nikamuuliza, "Mama, mvua ilinyesha lini baada ya kutia?" Akanijibu, "Usiku ule ule. Hata njia ya kwenda kisimani haikupitika." Basi kwa usiku mmoja sehemu kubwa ya gunia ilikuwa imeshashuka chini ya mizizi. Naitrojeni ikishageuka kuwa naitreti karibu haishikwi na udongo. Hutembea na maji, na kwenye mchanga maji hayana kizuizi.

Dawa ni kugawa. Tia kidogo wakati wa kupanda, mgao wa pili mahindi yakifika magotini, na wa mwisho kabla ya kutoa mbelewele. Ukiona wingu zito, subiri mvua kubwa ipite ndipo utie, udongo ukiwa na unyevu wa kawaida. Gunia la kilo 50 la mbolea ya CAN, yenye asilimia 26 ya naitrojeni, lina naitrojeni kilo 13. Magunia 10 ya mahindi ya kilo 90 yanaondoka shambani na takriban kilo 14, punje peke yake, bila kuhesabu mabua. Anayevuna hivyo kila mwaka, akawapa mbuzi wa jirani mabua yote na asirudishe chochote, anakula akiba ya shamba. Hata kwa bei ya ruzuku ya Sh2,500 iliyotangazwa mwaka 2023, gunia ni pesa, na kilo inayopotea mchangani hairudi.

Yurea inahitaji uangalifu wake. Ikiachwa juu ya udongo wa matumbawe, pH ile ya juu huigeuza kuwa gesi ya amonia ikapaa. Ukipita asubuhi ya pili ukanusa harufu ya choo, hiyo ndiyo naitrojeni yako inayoondoka. Ifukie sentimita tano, kila mara.

Kinachotibu chanzo ni mboji. Samadi ya mbuzi iliyoiva, majani ya kunde na pojo yaliyoachwa palepale, mabua yaliyolazwa kati ya mistari badala ya kuchomwa: vyote hivi huongeza cha kushikia. Kisiwani Lamu kuna samadi ya punda kila kichochoro, na nasikitika nikiona inavyotupwa kama taka. Irundike, inyunyizie maji, ifunike kwa makuti, igeuze mara kadhaa, na uiache iive miezi mitatu hivi. Ukiitia mbichi utapanda magugu, kwa sababu punda haisagi mbegu za nyasi vizuri kama ng'ombe.

Kuhusu kuchoma shamba: majivu humpa mkulima msimu mmoja mzuri wa potasiamu, na hapo ndipo anapodanganyika. Naitrojeni na salfa zimekwenda na moshi, na mvua ya kwanza kubwa inakokota majivu yenyewe. Majivu ya jikoni, kidogo kidogo, yanafaa kwenye mchanga. Kwenye matumbawe usiyatie kabisa, maana yanapandisha pH iliyokwisha kupanda.

Majani machanga yamepauka, mishipa imebaki kijani

Hii ndiyo dalili ya matumbawe. Utaiona kwenye ndimu, michungwa, karanga, mipapai, hata minazi michanga iliyopandwa kwenye mashimo ya mwamba. Jani jipya linatoka manjano, likizidi linakuwa karibu jeupe, na mishipa inachorwa juu yake kwa kijani. Mkulima hutia samadi mbichi, hutia mbolea ya DAP yenye fosforasi nyingi, na manjano yanazidi, kwa sababu fosforasi nyingi huzidi kuifunga zinki.

Mishipa myembamba yote ikibaki kijani juu ya jani lililopauka, ni chuma. Kijani kikiwa utepe mpana kandokando ya mishipa, fikiria manganizi. Kwa mahindi, mikanda miwili mipana myeupe upande huu na huu wa uti, karibu na shina, kwenye majani machanga, ni zinki. Kwa mwembe, zinki inajionyesha kwa majani madogo yaliyosongamana kwenye ncha ya tawi.

Chuma unacho. Udongo una chuma tele, ila kwenye pH ya 8 kimegeuka kutu isiyoyeyuka. Kwa hiyo kumwaga salfeti ya chuma chini ya mti ni kazi bure; hugeuka kutu ndani ya siku chache. Kuna njia nne zinazosaidia.

Ya haraka ni kunyunyizia majani. Salfeti ya zinki gramu 100 kwa lita 20 za maji, jioni jua likiwa limepoa, baada ya kujaribu mimea michache na kusubiri siku tatu uone kama inaungua. Salfeti ya chuma hunyunyiziwa kwa kiwango hicho hicho, ila urudie kila majani mapya yanapotoka, kwa kuwa chuma hakihami kutoka jani la zamani.

Ya pili ni mboji nyingi ndani ya shimo lenyewe la mti. Mboji ikioza hutoa asidi laini ambazo huyeyusha chuma na zinki karibu na mzizi, na kuzishika zisifungwe tena upesi. Shimo la mti kwenye mwamba lisiwe dogo kwa sababu ya uvivu wa mtaimbo. Livunje hadi mita moja kila upande, ujaze udongo mwekundu na samadi iliyoiva.

Ya tatu ni mbolea ya chuma iliyofumbwa ili isifungwe na chokaa. Ukinunua, soma lebo. Iliyoandikwa EDTA huvunjika pH ikipita takriban 6.5, kwa hiyo ukiitia ardhini kwenye matumbawe haina faida. Iliyoandikwa EDDHA ndiyo inayostahimili. Ni ghali, na ningeiweka kwa mche wa ndimu wenye thamani, si kwa ekari ya mahindi.

Njia ya nne ni kukubaliana na ardhi. Mwarobaini, mlonge, mkwaju na mvinje huishi kwenye matumbawe bila malalamiko makubwa. Karanga na michungwa ipeleke mchangani.

Mnazi unadondosha vidaka

Hapa nitakaa kidogo, maana mnazi ndio urithi wa watu na ndio tunaoutunza vibaya kuliko mti mwingine wowote. Tunachuma madafu, tunakoroga nazi, tunasuka makuti, tunagema tembo, makumbi tunayafanya kuni. Hakuna kinachorudi. Na makumbi ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya potasiamu ya nazi.

Okota kidaka (nazi changa) kilichoanguka, ukigeuze. Kikiwa na utomvu uliokauka, mipasuko, na mabaka ya kahawia chini ya kofia, kimefyonzwa na mdudu wa nazi, na mbolea haitamzuia. Hapo tafuta kama mnazi una sisimizi waitwao chungu maji moto. Ukiwa nao, usiwachome, ndio walinzi wako. Kuti changa likifunguka likiwa limekatwa kwa umbo la pembetatu kama lililonyolewa kwa mkasi, huyo ni mbawakawa mwenye pembe, na anazaana kwenye magogo ya minazi yaliyooza na marundo ya samadi. Ondoa magogo kwanza.

Kidaka kikiwa safi, hakina kidonda, ndipo turudi kwenye udongo na mvua. Tazama makuti ya chini. Vitawi vyake vikiwa na madoa ya rangi ya kutu na machungwa, ncha zimekauka, na uti wa kila kitawi ukabaki kijani, ni potasiamu. Idadi ya makuti kichwani hupungua, na shina huanza kusinyaa karibu na juu. Manjano yakiwa makali upande unaopigwa na jua tu, ni magnesiamu. Kuna namna rahisi ya kuhakikisha: tafuta mahali kitawi kimoja kimelalia kingine. Sehemu iliyofunikwa ikiwa ingali kijani na iliyo wazi ikawa manjano, ndiyo hiyo. Taji zima likiwa limepauka sawasawa, ni naitrojeni. Makuti machanga yakitoka mafupi, yamekunjamana, na ncha za vitawi zimepinda, fikiria boroni.

Kwa potasiamu, mnazi mkubwa hupewa kilo 1 hadi 2 za kloridi ya potasiamu kwa mwaka. Itie kwa duara, mita moja na nusu hadi mbili kutoka shinani, kwa migao miwili, mvua za Aprili zikipungua ukali na tena wakati wa vuli. Kloridi iliyomo nayo ni chakula cha mnazi, hasa kwa minazi iliyo mbali na bahari. Ile iliyo mbele ya ufuo huletewa na upepo wa kusi bila malipo.

Asiye na pesa ya mbolea ana makumbi. Chimba mtaro kati ya mistari, ulaze makumbi tumbo likiangalia juu ili yashike maji, kisha ufukie. Yakiwekwa juu ya ardhi bila kufukiwa, ulaze mgongo juu, tumbo chini, yasituamishe maji ya mbu. Mchangani makumbi yanafanya kazi mbili, kurudisha potasiamu na kuhifadhi unyevu wakati wa kaskazi.

Na uwe na subira. Karara (kifuko cha maua ya mnazi) unaloliona likifunguka leo lilianza kuumbika ndani ya mnazi zaidi ya miaka miwili iliyopita, na nazi yenyewe huchukua takriban mwaka kukomaa. Anayetia mbolea Mei na kuhesabu nazi Desemba hajapima kitu.

Kingo zimeungua: potasiamu au chumvi?

Dalili hizi huchanganywa kila siku. Zitofautishe kwa mahali. Upungufu wa potasiamu huenea shamba zima au sehemu yote ya mchanga. Chumvi ya upepo huunguza upande wa mti unaoitazama bahari, hasa miezi ya kusi, na nyuma ya mti kukawa kijani. Chumvi ya udongo hutokea kwa viraka, pale penye bonde dogo, ukoko mweupe juu ya ardhi wakati wa jua, na mbegu zilizokataa kuota. Chumvi ya kisima hufuata mfereji wa kumwagilia.

Kisima kilichokuwa kitamu kikaanza kukolea, aghalabu kimevutwa kupita uwezo wake. Maji matamu ya pwani huelea juu ya maji ya bahari ardhini, na pampu ikivuta sana, ya chini hupanda. Watu wa Shela wanalijua jambo hili vizuri, kwa kuwa matuta yao ya mchanga ndiyo yanayohifadhi maji ya mji wa Lamu. Vuta kidogo kidogo, kwa saa chache, na uache kisima kipumzike.

Kipimo cha chumvi huandikwa dS/m (desisimensi kwa mita); namba ikipanda, chumvi imezidi. Maharagwe huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikifika 1, mahindi 1.7, nyanya 2.5. Kunde hustahimili hadi karibu 4.9, na pamba 7.7. Kwa hiyo shamba linalokataa mahindi linaweza kukulisha kunde bila tiba yoyote. Kuiosha chumvi kunawezekana tu kama maji yana pa kutokea. Bila mtaro, unaongeza maji kwenye bakuli lililoziba.

Kuna ardhi nyingine ya chumvi ambayo haina ukoko mweupe. Ikinyeshewa inakuwa uji, ikikauka inakuwa saruji. Tia donge lake kavu, ukubwa wa njegere, kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Likizungukwa na wingu la tope ndani ya saa chache, sodiamu imetawanya mfinyanzi. Dawa yake ni jasi pamoja na mtaro. Kuosha kwa maji matamu peke yake kunaizidisha.

Manjano ya ghafla baada ya mafuriko

Bondeni Sabaki na kwenye udongo mweusi wa Mpeketoni, mahindi yakipauka yote ndani ya juma moja baada ya maji kutuama, mizizi imekosa hewa na bakteria wamegeuza naitreti kuwa gesi. Toa maji kwanza. Mbolea ikitiwa juu ya maji yaliyotuama nayo itapotea. Maji yakiondoka na udongo ukakanyagika, mgao mdogo wa CAN huirudisha mimea ambayo mizizi yake ingali myeupe.

Mvinje unaodumaa

Mvinje unasifiwa kuwa haudai kitu, na ni kweli kwa kiasi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza kupanda miti kwenye machimbo ya matumbawe ya Bamburi, Mombasa, mvinje ulikuwa miongoni mwa michache iliyoishi. Siri iko mizizini: viumbe wadogo waitwao frankia huishi kwenye vifundo vyake na kuuletea naitrojeni ya hewani. Huko Bamburi sindano zilizoanguka hazikuoza hadi jongoo wale wakubwa walipoletwa kuzila, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo.

Miche yako ikiwa na rangi ya manjano tangu kitaluni, fukua uangalie vifundo. Kama hakuna, chukua udongo na mizizi ya chini ya mivinje iliyostawi, uchanganye na udongo wa vitaluni. Kama mti ulikua vizuri kisha ukadumaa mwaka wa pili, ng'oa mmoja: mara nyingi mzizi umejisokota kwa kukaa muda mrefu ndani ya mfuko wa nailoni, na hilo halina tiba ya mbolea.

Shida ya shamba lililovunwa nguzo mara mbili au tatu ni nyingine. Naitrojeni ipo, lakini fosforasi, potasiamu na kalsiamu zimetoka na kila lori. Nguzo ibanduliwe magome papo hapo shambani, matawi na sindano zibaki, zisichomwe wala zisiuzwe kwa wenye tanuri za chokaa. Hilo ni gumu, kwa sababu kuni zina mnunuzi aliyesimama getini na pesa mkononi. Basi walau majani yabaki.

Mkorosho, kwa ufupi

Mkorosho ukikauka ncha baada ya miaka mizuri ya mwanzo, chimba kando yake. Ukikuta mwamba au maji kabla ya mita moja, mzizi umegota. Unga mweupe kwenye maua ni ukungu, si udongo. Ila wanaopulizia salfa ya unga kila msimu dhidi ya ukungu huo wajue kwamba inayoanguka chini hugeuzwa na bakteria kuwa asidi, na mchanga hauna nguvu ya kuizuia. Hapo, na hapo tu baada ya kipimo, chokaa ina nafasi yake, na ya dolomaiti ni bora kwa kuwa ina magnesiamu pia.

Ukiamua kupeleka maabara

Chukua udongo sehemu 15 hadi 20 kwa kwenda zigizaga, kina cha sentimita 20, na kwa miti ongeza sampuli ya pili ya kina cha 30 hadi 60. Changanya kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati ina zinki na itaharibu jibu. Ruka mahali pa zizi, kichuguu, chini ya mti na penye mbolea iliyotiwa karibuni. Nusu kilo, iliyokaushwa kivulini, inatosha. Udongo mwekundu na mweupe, hata vikipakana, usivichanganye.

Kama siki ilichemka, iambie maabara kabla hawajaanza, iwe ni ya KALRO (taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo) huko Kabete au nyingine yoyote, kwamba fosforasi ipimwe kwa njia ya Olsen. Njia zinazotumia asidi humalizwa nguvu na chokaa ya matumbawe, au huyeyusha fosforasi ambayo mmea hauwezi kuigusa, na utapewa namba isiyohusu shamba lako. Omba pia chumvi, zinki na boroni, maana kipimo cha kawaida hakivigusi vyote. Sampuli za Januari au mwanzo wa Februari huwahi majibu kabla ya mvua za Aprili, ukabaki na muda wa kuivisha samadi.